Kenney Jones kwenye kiti cha Keith Moon

Keith Moon, mpiga dramu wa The Who, bendi ya rock ya Uingereza, alifariki London tarehe 7 Septemba 1978 akiwa na miaka 32. Wenzake hawakuivunja bendi. Walimchukua Kenney Jones, aliyekwisha kujijengea jina katika bendi za Small Faces na Faces, na wapo mashabiki ambao hadi leo hawajamkubali. Roger Daltrey, mwimbaji wao, hakuficha kwamba kwake Jones hakuwa mtu wa The Who.

Kimuziki Daltrey ana hoja nzito. Moon hakujali sana kutunza mapigo. Alimfuata mwimbaji, akaufuata wimbo, akajaza kila upenyo kwa ngoma na matoazi, huku Pete Townshend akishika mwendo kwa gita na John Entwistle akilichezesha besi kama solo. Jones alileta kile ambacho bendi nyingi hukitafuta: mapigo yaliyonyooka, yasiyoyumba. Basi yeye na Townshend wakawa wawili kwenye kazi moja ya kushika mwendo, na ule mvutano uliokuwa ukilitikisa jukwaa ukalegea. Nyimbo za zamani kwenye ziara ya 1982 zimepigwa sawasawa, ila hazichomi.

Lakini wanaomlaumu Jones humpima kwa Moon wa 1970, si yule wa mwishoni. Novemba 1973, karibu na San Francisco, Moon alizimia katikati ya onyesho hadi shabiki akapandishwa jukwaani kumalizia. Walipokuwa wakirekodi albamu ya Who Are You (1978), alishindwa na mapigo ya wimbo wa Music Must Change, zikawekwa sauti za nyayo badala ya dramu. Tena Jones hakuwa mgeni. Alishapiga kwenye muziki wa Tommy, filamu ya 1975 iliyotokana na albamu ya The Who. Walimchagua wakijua anavyopiga, kisha wakamdai awe mtu mwingine.

Hilo naliona ni dhuluma. Wimbo wa You Better You Bet uliingia kumi bora Uingereza mwaka 1981, Jones akiwa kwenye dramu. Kilichozidhoofisha Face Dances na It's Hard, albamu mbili za The Who alizopiga Jones, ni utunzi: Townshend alikuwa anapambana na ulevi, na mwaka 1980 alishatumia tungo kali kwenye albamu yake mwenyewe, Empty Glass.

The Who walipoingizwa kwenye jumba la heshima la rock, Marekani, mwaka 1990, jina la Moon lilikuwemo, la Jones halikuwemo. Aliingia 2012, kwa kazi ya Small Faces na Faces. Albamu mbili na maonyesho ya miaka ile vilitosha kumwingiza mara ya kwanza.