Mchele hatuchoti kisimani

Jumapili moja nilikuwa barazani kwa jirani, sahani ya wali na maharage mapajani. Mtoto wa marehemu dada yake, binti wa darasa la nne, akashika mwiko kujiongeza.

"We, punguza!" jirani akamkemea. "Mchele hatuchoti kisimani hapa. Baba yako angekuwa mwanamume kama wenzake, ungekuwa unakula kwake."

Watu wakacheka. Mtoto naye akacheka, akarudisha mwiko, akaanza kukusanya vyombo nasi bado tunakula. Kicheko chake ndicho kilichoninyima usingizi.

Tuna neno la jambo hili: masimango. Akisimangwa mke na mawifi, ukoo mzima unaitwa kikao. Akisimangwa mtoto, tunasema anafundwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili kwa watoto Tanzania uliuliza haya haya: kutukanwa, kuambiwa hutakiwi, kutishiwa kuachwa. Takriban mmoja kati ya wanne, wa kike kwa wa kiume, alisema alifanyiwa hivyo na mtu mzima kabla ya kufika miaka 18.

Sisemi watoto wasigombezwe. "Umemwaga maziwa, lete tambara" ni kugombeza. "Tangu uje humu, mikosi haiishi" ni kitu kingine, tena kikirudiwa kila siku. Tazama mtoto anayeomba ruhusa kunywa maji, anayesema samahani kabla hajaulizwa, aliyeanza tena kukojoa kitandani. Dalili moja haitoshi. Wapo wapole kwa asili yao.

Siku ile mimi nilimaliza wali wangu, nikaaga. Aibu hiyo ninayo. Wiki iliyofuata nikamfuata jirani jikoni, akiwa peke yake. Sikumwambia anamtesa mtoto, maana angenifukuza. Nilimuuliza anaendeleaje tangu msiba. Akalia kwa muda mrefu. Nadhani hakuwahi kumlilia dada yake.

Maneno yamepungua, hayajaisha. Yakirudi kama zamani nitakwenda serikali ya mtaa, kwani Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa aripoti, au nitapiga 116, namba ya bure ya watoto. Wataniita mmbea. Sawa.

Majuzi wamekula kwangu. Nilimpa binti mwiko, nikamwambia, "Jipakulie, mwanangu, chakula kipo." Akamtazama kwanza mama yake mdogo. Kisha akapakua vijiko viwili, akasita, akaongeza kimoja.