Kudai fidia baada ya kunajisiwa: ni haki ama ni kuuza kesi?

Mwalimu akishikwa kwa kunajisi mwanafunzi, hapa Kenya swali la kwanza huwa ni lilelile, atafungwa miaka mingapi. Na ni swali la maana, manake sheria ya makosa ya ngono ya 2006 haichezi: mtoto wa miaka 11 kwenda chini ni kifungo cha maisha, wa 12 hadi 15 si chini ya miaka 20, wa 16 hadi 18 si chini ya 15. Sawa, amefungwa. Alafu? Mtoto bado anaamka usiku akilia, amehamishwa shule katikati ya muhula, mama ameacha kibanda chake cha mboga ndio ampeleke kwa mshauri, na ile shule iliyomwajiri huyo mwalimu inaendelea kupokea karo kama kawaida.

Hapo ndipo kesi ya madai inaingia, na watu wengi hawajui iko. Hii si ya polisi, ni wewe mwenyewe unaenda kortini kudai fidia. Kuna mambo mawili yanaitofautisha na ile ya jinai na yote ni makubwa. La kwanza ni ushahidi, kwa jinai lazima ithibitishwe mpaka kusibaki shaka ya maana lakini kwa madai korti inaangalia tu upande gani una uzito zaidi. La pili, na hili kwangu ndilo kiini, unaweza kumshtaki mtu ambaye hata hakuwa ndani ya hicho chumba: shule, kanisa, kampuni, serikali, yeyote aliyempa huyo mtu funguo na madaraka.

Mfano mzuri ni kesi ya wasichana wawili kutoka Nakuru wanaojulikana kortini kama W.J. na L.N., walionajisiwa na naibu wa mwalimu mkuu wa shule yao ya msingi mwaka 2010. Kwenye kesi ya jinai mwalimu aliachiliwa. Kwa kawaida hapo ndio mwisho, familia inarudi nyumbani na aibu na mwalimu anatembea sokoni kifua mbele. Lakini kesi nyingine ikapelekwa Mahakama Kuu Nairobi kupitia Katiba, wakamshtaki yeye, na tume inayoajiri walimu, na serikali, na Mei 2015 Jaji Mumbi Ngugi akaamua wote wanabeba lawama, akampa mmoja shilingi milioni 2 na mwenzake milioni 3. Jaji hakuuma maneno, alisema mwajiri hawezi kuwa anahamisha walimu wa aina hii kutoka shule moja hadi nyingine na kisha anawe mikono.

Hiyo ya kuhamisha kila mtu aliyesoma shule za mashambani anaijua. Minong'ono inaanza, wazazi wanaitwa ofisini, mwalimu anapata transfa, na miezi michache baadaye ni kijiji kingine ndio kinalia. Kumfunga mmoja hakugusi hiyo tabia. Kumlipisha mwajiri kunaigusa, angalau kidogo, kwa sababu mtu wa bajeti ataanza kuuliza hii milioni 5 imeenda wapi.

Sasa wanaopinga, na wana hoja, si watu wabaya. Hoja nzito zaidi nimeisikia kwa akina mama wenyewe, kwamba kuweka pesa kwenye mambo haya ni kurudisha kupitia dirishani kile tulichofukuza mlangoni. Tunajua vile hukaa: wazee wanaketi chini ya mti ama kwa ofisi ya chifu, upande wa mshukiwa unakuja na mbuzi ama bahasha, kule kaskazini mashariki inaitwa maslaha na inaweza kuwa ngamia, baba anapokea, msichana hajaulizwa kitu, na asubuhi yake wanaenda stesheni kusema wamesamehe. Kwa karatasi sheria imeziba hapo, sehemu ya 40 ya hiyo sheria ya 2006 inasema uamuzi wa kusimamisha kesi si wa familia wala wa OCS, yule mkuu wa kituo cha polisi, ni wa ngazi ya juu kabisa ya mashtaka. Lakini kila mtu anajua mashahidi wakikosa kufika mara tatu nne kesi inajifia yenyewe.

Kwa hivyo je, ukimwambia huyo baba kuna njia halali ya kupata milioni 2, hujampa sababu ya kuiacha ile ya jela? Naielewa hiyo hofu, ila naona inachanganya vitu viwili. Ile ya kwa chifu inalipwa ndio watu wanyamaze. Ya kortini inalipwa baada ya kusema kila kitu mbele ya jaji, na uamuzi unaandikwa na unasomwa, jina la mtoto tu ndilo linafichwa. Tena hizi kesi mbili hazizuiani, ukweli ni kwamba zinasaidiana, kwa sheria yetu ya ushahidi mtu akishahukumiwa kwa jinai na rufaa zikaisha huna haja ya kuthibitisha tena kwamba alitenda. Wale ambao mimi naogopa ni mawakili wa taasisi wanaokuja na makubaliano nje ya korti yenye kipengele cha kutosema lolote. Hiyo ni bahasha ileile imevalishwa tai, na mzazi akiwekewa karatasi kama hiyo mbele yake asiweke sahihi kabla mtu mwingine hajaisoma.

Kuna na hoja ya waliosingiziwa. Kama kipimo cha ushahidi kiko chini, si mtu asiye na hatia atapakwa matope maisha yake yote? Inawezekana, siwezi kudanganya. Ila huko anachopoteza ni pesa na jina, hapelekwi jela, na ana haki ya kujitetea, kuleta mashahidi, kukata rufaa, hata kukushtaki kwa kumharibia jina. Na mwenye kudai akishindwa kwa kawaida anaweza kuamriwa alipe gharama za upande wa pili. Hilo pekee linatisha wasingiziaji, shida ni kwamba linatisha na wakweli pia.

Gharama ndio ukuta wenyewe. Kule Marekani wakili anaweza kuchukua kesi bila kulipwa mpaka ishinde ndio achukue asilimia yake, hapa makubaliano ya hivyo sheria ya mawakili inayakataa. Kwa hivyo mama wa kibanda anabaki na mashirika kama FIDA, lile la mawakili wanawake, ama msaada wa kisheria wa serikali chini ya sheria ya 2016, na foleni unaijua. Afueni moja ni kwamba kesi ya haki za kikatiba haitozwi ada ya kufunguliwa, Katiba yenyewe imesema hivyo kwenye kifungu cha 22.

Kitu kingine ambacho watu hupoteza bila kujua ni karatasi. Maumivu korti inayakadiria yenyewe lakini gharama ulizotumia lazima uzitaje moja moja na uzithibitishe, hakuna huruma hapo. Unakuta mama amekuja na karatasi ya nailoni, ndani kuna namba ya OB, kile kitabu cha ripoti cha polisi, imeandikwa kwa kipande cha karatasi, P3, yaani fomu ya polisi inayojazwa na daktari, ile fomu ya PRC ya hospitali ya waliobakwa, kadi ya kliniki, yote safi, alafu ukimwuliza risiti za dawa na za mshauri na za usafiri anakuangalia tu. Amezunguka na matatu mwaka mzima na hana ya kuonyesha. Kama unajua familia iko kwa hali hii waambie waweke kila kitu, hata kama leo hawafikirii kushtaki.

Alafu kushinda si kulipwa. Ukimshtaki mtendaji peke yake na hana kitu, hukumu yako ni ya kuweka kwa fremu. Ukishtaki serikali inazo pesa, lakini huwezi kutuma dalali akachukue gari la wizara, sheria inakataza, unachukua cheti cha korti cha hilo deni, unaandika barua, unarudi kortini tena kuomba afisa alazimishwe kulipa. Waathiriwa wa ukatili wa kingono wa baada ya uchaguzi wa 2007 walifungua kesi 2013, uamuzi ukatoka Desemba 2020, na kati ya wanane waliokuwa kwenye kesi wanne ndio walipewa, milioni 4 kila mmoja, kwa sababu ni kwao tu ndio mahakama iliona serikali inahusika. Miaka 7 na zaidi, na nusu yao wakatoka mikono mitupu.

Wenzetu Tanzania wana kitu kimoja tungekiiga. Kule sheria ya adhabu inasema aliyebaka, juu ya kile kifungo cha miaka 30, aamriwe na korti hiyohiyo kulipa fidia. Hata sisi hakimu wa jinai ana uwezo wa kuamuru fidia na tuna sheria ya kulinda waathiriwa ya 2014, lakini kuweza si lazima, na kwa korti yenye kesi 40 kwa siku kisicho lazima kinasahaulika. Hasara ya mfumo wa Tanzania ni kwamba unamgusa mtendaji tu. Shule haiko pale kizimbani, na mimi ndiyo niliitaka.

Sasa muda, na hapa sina ubishi na mtu, sheria yetu imekosea. Madai ya kawaida ya kuumizwa mwisho ni miaka 3, kwa mtoto saa inaanza kuhesabu akifika 18, na ukitaka kushtaki serikali kwa njia hiyo ya kawaida ni miezi 12 tu. Msichana wa miaka 18 ndio amemaliza sekondari, bado anaishi kwa mjomba labda na ndiye mjomba mwenyewe aliyemtendea, atafungua kesi vipi? Njia ya Katiba haina kikomo cha namna hiyo ingawa ukichelewa sana bila sababu jaji atakuuliza. Wanaotaka kikomo kibaki wanasema mashahidi hufa, rejista hupotea, na hakuna taasisi inaweza kujitetea kwa jambo la miaka 25 iliyopita. Ni kweli kwa kiasi. Lakini anayetunza rejista ni shule, faili ya transfa iko kwa mwajiri, na barua ya malalamiko mzazi aliipeleka ofisini mwao akagongewa muhuri. Bunge likiondoa kikomo kwa kesi za watoto dhidi ya taasisi peke yake, hata kama litauacha ule wa mtu binafsi vile ulivyo, anayeumia kwa karatasi kupotea atakuwa yule aliyekuwa na kazi ya kuitunza.