Majeraha NFL: Kabla ya kuwalaumu wachezaji, tutazame uwanja na kalenda

Kila msimu wa NFL, ligi kuu ya soka ya Kimarekani, ukifika wiki ya tatu au ya nne, malalamiko huwa yaleyale. Orodha ya majeruhi imejaa, nyota wanatazama mechi wakiwa na magongo, na mashabiki wanauliza kwa nini majeraha yanaongezeka. Majibu nayo tumeyazoea. Wapo wanaosema mchezo wenyewe ndivyo ulivyo: watu wa kilo 140 wakivaana kwa kasi, lazima kitu kivunjike. Wapo wanaosema wachezaji wa siku hizi wamedekezwa, wanafanya mazoezi kidogo na miili haikomai kama ya wazee wao. Na lipo kundi la tatu, likiongozwa na chama cha wachezaji, NFLPA, linalonyooshea kidole nyasi bandia na ratiba.

Hoja ya kundi hili la tatu husimuliwa vibaya, kana kwamba wachezaji wanatafuta visingizio. Mimi naiona ina uzito kuliko inavyopewa, ingawa haina majibu ya kila kitu.

Kwanza tuwe waangalifu na hilo la kuongezeka. Si kila aina ya majeraha inapanda. Mitikisiko ya ubongo iliyothibitishwa na madaktari ilikuwa 281 mwaka 2017, tukihesabu mazoezi na mechi, za maandalizi na za msimu. Mwaka 2024 ilikuwa 182, idadi ndogo kuliko zote tangu ligi ianze kuweka hesabu hiyo mwaka 2015. Huu ni ushindi wa kweli, na ligi inastahili kupewa haki yake.

Lakini tuangalie ulivyopatikana. Kati ya 2015 na 2017, ligi iligundua kuwa mpira wa kuanzia, ule unaopigwa kwa mguu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ulikuwa asilimia 6 tu ya mipira yote iliyochezwa (kila kipande cha mchezo, tangu mpira uanzishwe hadi usimame, huhesabiwa mpira mmoja), ila ulizalisha asilimia 12 ya mitikisiko ya ubongo. Sababu ilionekana kwa macho: wanaume wazima walikuwa wakikimbia mita 40 au zaidi kutoka pande mbili na kukutana katikati. Mwaka 2018 kanuni zikabadilishwa kidogo. Mwaka 2024 zikapinduliwa: sasa wakabaji na walinzi wa mbeba mpira wanasimama wakitazamana, umbali wa yadi 5 hivi, na hakuna anayeruhusiwa kusogea mpaka mpira udakwe au uguse ardhi katika eneo la kutua. Zikaongezwa helmeti bora, na zile kofia laini zinazovaliwa juu ya helmeti mazoezini. Namba ikashuka.

Tukumbuke pia ligi ilipotoka. Daktari Bennet Omalu, Mnigeria aliyekuwa mpatholojia huko Pittsburgh, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji mstaafu wa NFL aliyefariki mwaka 2002, akachapisha mwaka 2005 matokeo yaliyoonyesha ubongo ulioharibika. Madaktari wa kamati ya ligi waliandika barua kutaka makala yake iondolewe. Ilichukua miaka, kesi za maelfu ya wachezaji wastaafu na fidia iliyoanzia dola milioni 765 kabla ligi haijakubali kulishughulikia suala la kichwa kwa dhati. Ilipokubali, mambo yakabadilika. Kwa hiyo mtu akiniambia majeraha ni ada ya mchezo, namrudisha kwenye mpira wa kuanzia. Nao ulikuwa ada ya mchezo kwa miaka karibu 100.

Sasa tushuke miguuni, kwenye majeraha yanayowaweka nje watu wengi zaidi: magoti, vifundo, misuli ya paja, kano za kisigino. Yanayouma zaidi kuyatazama ni yale ya bila kuguswa. Mchezaji anakimbia peke yake, anageuka, mguu unabaki.

Nyasi asili zina tabia moja muhimu. Mchezaji akikanyaga kwa nguvu na kujizungusha, pande la nyasi na udongo hung'oka. Uwanja unaharibika, na ile nguvu inaishia ardhini. Nyasi bandia hazing'oki. Njumu ikinasa, nguvu inapanda kwenye kifundo, na kama kifundo kimebanwa inahamia kwenye goti. Waliowahi kucheza Nyamagana kule Mwanza au Karume jijini Dar es Salaam wanaijua ile hali ya mguu kushikwa wakati mwili umeshageuka. Mzidishie huyo mchezaji uzito mara mbili, kisha mwongezee mtu anayemfukuza.

Mwaka 2020 J.C. Tretter, aliyekuwa rais wa chama cha wachezaji na bado akicheza Cleveland, aliandika kuhusu takwimu rasmi za majeraha za ligi kuanzia 2012 hadi 2018. Kwenye nyasi bandia, majeraha ya miguu ya bila kugongana yalikuwa juu kwa asilimia 28 kuliko kwenye nyasi asili. Ya goti, asilimia 32. Ya unyayo na kifundo, asilimia 69. Mwaka huohuo, Septemba 20, San Francisco 49ers walicheza MetLife Stadium, New Jersey. Nick Bosa na Solomon Thomas, walinzi wawili wa timu moja, walichana ligamenti za goti katika mchana huohuo. Ligi ikaukagua uwanja, ikasema umekidhi viwango.

Jibu la ligi kwa takwimu za Tretter si la kupuuzwa. Inasema pengo halitulii. Mwaka 2021 kiwango cha majeraha ya miguu ya bila kugongana kilikuwa 0.042 kwa kila mipira 100 inayochezwa kwenye nyasi bandia na 0.041 kwenye nyasi asili, yaani karibu sawa. Pia inasema nyasi bandia si za aina moja, na nyasi asili vilevile, kwa hiyo kuzitenga katika makundi mawili ni kurahisisha mambo. Hilo la mwisho nalikubali.

La kwanza silikubali. Mwaka uliofuata, 2022, pengo lilirudi: 0.048 dhidi ya 0.035. Majeraha ya aina hii ni machache kwa kila mpira unaochezwa, kwa hiyo msimu mmoja unaweza kuyumba kwa bahati tu. Ndiyo maana hesabu hukusanywa kwa miaka mingi. Misimu saba iliyojumlishwa ikionyesha asilimia 28, msimu mmoja tulivu hauwezi kuifuta. Ligi ina wataalamu wa takwimu wanaolijua hili kuliko mimi, na bado msimu wa 2021 ndio uliopelekwa mbele ya kamera.

Mfano ambao kila mtu anaukumbuka, wa mrusha mpira nyota Aaron Rodgers, nadhani chama kiutumie kwa tahadhari. Septemba 11, 2023, palepale MetLife, alicheza mipira minne tu akiwa na timu ya New York Jets. Leonard Floyd wa Buffalo akamwangusha, akainuka, akatazama, akakaa chini tena. Kano ya kisigino imekatika. Ila alikuwa na miaka 39, na majira ya kuchipua alikuwa ameumia msuli wa shavu la mguu mazoezini. Tukio moja halithibitishi kitu. Misimu saba inathibitisha.

Wanaotetea nyasi bandia wana hoja nyingine mbili ninazoziheshimu. Tennessee Titans waling'oa nyasi asili Nashville na kuweka bandia mwaka 2023, wakisema hesabu zao zilionyesha uwanja wao ulikuwa hatari zaidi Novemba na Desemba, nyasi zikishakufa kwa baridi. Na Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2023, kule Glendale, Arizona, ilichezwa kwenye nyasi asili zilizotunzwa kwa gharama kubwa, wachezaji wakateleza usiku mzima. Nyasi mbovu ni nyasi mbovu hata zikiwa hai.

Kwa hiyo swali ni kama nyasi nzuri zinawezekana Desemba, katika jiji lenye barafu, kwenye uwanja wenye tamasha la muziki wiki iliyopita. Green Bay, Wisconsin, wanazo, wakipasha ardhi joto kutoka chini. Pittsburgh wanazo, na uwanja unatumiwa na Steelers pamoja na timu ya chuo kikuu, ingawa lawama hazikosi mwishoni mwa msimu. Glendale na Las Vegas, jangwani na chini ya paa, nyasi ziko juu ya sinia kubwa linalotolewa nje kuota jua na kurudishwa siku ya mechi.

Kisha lipo hili la Kombe la Dunia la 2026, ambalo kila nikilifikiria linanisumbua. FIFA iliweka sharti la nyasi asili kwenye viwanja vyote. Kati ya viwanja 11 vya Marekani vilivyopangiwa mechi, saba vina nyasi bandia wakati wa NFL: MetLife, Gillette karibu na Boston, Mercedes-Benz wa Atlanta, NRG wa Houston, AT&T karibu na Dallas, SoFi wa Los Angeles na Lumen Field wa Seattle. Vingine vina paa. Miaka yote wachezaji wa NFL wameambiwa kuwa ndani ya paa haiwezekani, jua halitoshi, ratiba haitoshi. FIFA ilipodai, vyuo vikuu vya Tennessee na Michigan State vilipewa kazi ya utafiti, nyasi zikapandwa mashambani, zikatengewa taa za kuziotesha, na wamiliki walewale wa viwanja vilevile wakakubali.

Ni kweli, mashindano ya mwezi mmoja na kidogo wakati wa kiangazi si sawa na msimu wa miezi mitano unaoishia kwenye theluji, tena MetLife ikiwa nyumbani kwa timu mbili. Tofauti hiyo ni kubwa na inahitaji fedha na akili. Lakini ligi inayoingiza zaidi ya dola bilioni 20 kwa mwaka haina upungufu wa hivyo viwili. Mgeni amekuja na masharti yake yametekelezwa. Mwenyeji anayecheza hapo kila wiki ameambiwa aangalie takwimu za 2021.

Kwenye ratiba mambo ni magumu zaidi, kwa sababu hapo wachezaji wenyewe waliweka saini. Msimu ulipanda kutoka mechi 16 hadi 17 mwaka 2021 kwa mujibu wa makubaliano ya 2020, na chama kiliyapitisha kwa kura 1,019 dhidi ya 959. Wakosoaji huuliza: mnalalamikia nini? Swali ni halali. Lakini zitazame hizo kura. Wachezaji 31 tu wangebadili mawazo, makubaliano yasingepita. Na ndani yake kulikuwa na nyongeza kubwa ya mshahara wa chini. Mchezaji wa mwaka wa kwanza alitoka dola 510,000 hadi 610,000 kwa mwaka. Chama kinasema wastani wa maisha ya mchezaji kwenye ligi ni miaka mitatu na kidogo. Kijana anayejua kuwa anaweza kuachwa mwakani, atakataa nyongeza ya leo ili kuokoa goti la mwenzake wa miaka 30? Sithubutu kumlaumu.

Kuhusu mechi za Alhamisi baada ya Jumapili, takwimu za ligi zimesema mara nyingi kuwa siku hiyo haina majeraha mengi zaidi. Inawezekana, maana walioumia Jumapili hawapangwi kabisa. Hofu yangu ni kwa anayepangwa. Septemba 25, 2022, Jumapili, Tua Tagovailoa wa Miami alianguka, akainuka, akayumba mbele ya kamera, kisha akarudi uwanjani. Alhamisi ya Septemba 29 alikuwa Cincinnati, akapigishwa kichwa chini na vidole vikakakamaa hewani. Uchunguzi ulisema utaratibu wa kukagua mtikisiko wa ubongo ulifuatwa kama ulivyoandikwa, kisha utaratibu wenyewe ukabadilishwa Oktoba 8. Siku nne hazimtoshi daktari kuona kinachojitokeza taratibu.

Na wale wanaosema mazoezi yamepungua? Hawajatunga. Tangu makubaliano ya 2011, mazoezi ya kuvaana kwa vifaa kamili wakati wa msimu hayazidi 14. Ushahidi wao mzuri ni wa mwaka huohuo wa 2011: wamiliki walifunga milango wakati wa mgogoro, wachezaji hawakufanya mazoezi chini ya timu kwa miezi, kambi zilipofunguliwa ghafla kano za kisigino 10 zikakatika ndani ya siku 12. Hilo halionyeshi udekezaji. Linaonyesha mwili ulioshtukizwa, na dawa yake ni kuingia kambini taratibu, jambo ambalo ligi na chama sasa wameliandika kwenye kanuni.

Wala chama hakina mikono safi. Machi 2024 wamiliki walipopiga marufuku ule ukabaji wa kumshika mtu kwa nyuma, kuzungusha nyonga na kumwangukia miguuni, chama kilipinga. Ligi ilikuwa na hesabu kuwa ukabaji huo unaumiza zaidi ya mara 20 ya mwingine. Huwezi kudai takwimu za nyasi zisikilizwe halafu ukazifumbia macho za ukabaji kwa sababu mabeki wako hawazitaki.

Kamishna Roger Goodell hajaficha kuwa anatamani mechi ya 18. Makubaliano ya sasa yanaisha Machi 2031, na kabla ya hapo mechi hiyo haiingii bila chama kukubali. Fedha zitatajwa kwanza, kama 2020. Ningekuwa nakishauri chama, ningesema mezani kiweke nyasi asili au sehemu ya kuchezea iliyothibitishwa kwa misimu mingi kuwa salama sawa na hizo, wiki ya pili ya mapumziko, na kusiwe na Alhamisi isiyotanguliwa na mapumziko. Wachezaji tayari wana takriban asilimia 48 ya mapato, kwa hiyo mishahara itapanda kadiri ligi inavyouza matangazo. Uwanja wa MetLife hautabadilika mpaka uandikwe kwenye mkataba.