Kocha wa ulinzi apande au abaki?

Januari 2012, Clemson, timu ya chuo kikuu Marekani, walipigwa na wenzao wa West Virginia 70–33 kwenye Orange Bowl, mechi kubwa ya kufunga msimu. Hata kwa futiboli ya Kimarekani, ambako pointi humiminika, 70 ni fedheha. Kibarua cha kocha wa ulinzi, yaani msaidizi wa kocha mkuu anayepanga jinsi ya kumzuia mpinzani, kikaota nyasi, nafasi yake akapewa Brent Venables, aliyekuwa chuo cha Oklahoma tangu 1999. Misimu mitano baadaye Clemson wakawa mabingwa wa vyuo, na Januari 2019 wakaichapa Alabama 44–16 kulitwaa taji tena.

Mtu wa namna hii apewe timu nzima, au aachwe na kazi anayoiweza?

Wanaosema aachwe wana hoja nzito. Kocha wa ulinzi hujifungia na mikanda ya mechi za mpinzani, akitafuta ishara ndogo inayofichua mpira utapita wapi. Kocha mkuu hana muda huo: anabembeleza wazazi wa vijana wa miaka 17, anakaa na wafadhili, na tangu 2021 anahangaika na wachezaji wanaolipwa kwa majina yao na wanaohama chuo bila kukaa nje msimu. Tena Venables alikuwa na mori kiasi kwamba Clemson walimweka mtu maalumu wa kumvuta nyuma asiingie uwanjani! Na njaa hakuwa nayo: mwaka 2021, bado msaidizi, alisaini dola milioni 12.5 kwa miaka mitano.

Desemba mwaka huohuo Oklahoma, walioachwa na kocha wao mkuu Lincoln Riley, wakamwita awe kocha mkuu. Msimu wa kwanza akashinda mechi 6, akapoteza 7, mojawapo ikiwa 49–0 mbele ya Texas. Yaani bingwa wa ulinzi kapigwa 49! Mwaka 2023 alishinda 10, lakini 2024 akarudi kwenye 6 na 7, akiumaliza kwa kipigo cha pointi moja kutoka kwa Navy.

Mfano unaotajwa sana wa aliyebaki msaidizi ni Bud Foster. Aliingia chuo cha Virginia Tech mwaka 1987 pamoja na kocha mkuu Frank Beamer, akausimamia ulinzi tangu katikati ya miaka ya 1990 hadi 2019, na ukocha mkuu hakuwahi kuushika. Alama ya vijana wake ilikuwa kikasha kikuukuu cha chakula, cha aina wanayobeba wachimba makaa ya mawe. Mwaka 2006 alipata tuzo ya Broyles ya kocha msaidizi bora nchini, ileile aliyoipata Venables 2016. Mimi namheshimu Foster kuliko makocha wakuu wengi. Ila wanaomsifu huruka Septemba 2018, Old Dominion, timu ndogo, walipoifunga timu yake 49–35. Beamer alikwisha kustaafu, msimu ule ukaisha kwa vipigo 7, na kubaki kwake msaidizi hakukumkinga.

Ndiyo maana msimu wa 2025 umenivutia zaidi. Venables alirudi kuuongoza ulinzi mwenyewe uwanjani, huku akiwa bado kocha mkuu. Oklahoma wakashinda 10 na kuingia mtoano wa ubingwa, wakatolewa na Alabama 34–24 nyumbani baada ya kuongoza 17–0. Wa kambi ya "angebaki" watasema: mnaona, alifaulu aliporudia fani yake. Ni kweli, lakini nusu. Oktoba 2024 alikuwa amemtimua kocha wa mashambulizi katikati ya msimu, kisha akamleta mpya pamoja na mrusha mpira mpya, John Mateer. Bila hao sidhani kama ulinzi peke yake ungefika mbali. Foster, kwa miaka yote ile, hakuwa na kalamu ya kumwondoa mtu yeyote upande ule mwingine wa timu.