Bega la fundi mashua: sindano au mazoezi?

Kuna fundi mashua ufukweni Bagamoyo, mzee wa miaka sitini na ushei. Akivaa shati huanza na mkono wa kulia, ule mbovu, akiuinua kwa mkono wa kushoto polepole kama anayemvisha mtoto. Miaka arobaini ameshika tezo, amebeba mbao, amelala chali chini ya mashua akikalafati, mikono juu. Siku nilipomwamkia alinishika kiganja akakiweka begani pake, kisha akauzungusha mkono. Mkwaruzo niliousikia ulikuwa kama mchanga chini ya kandambili.

Mwanawe anataka achomwe sindano ya bega: jirani yao alichomwa, na wiki ileile akarudi baharini. Shemeji yake anapinga, anasema sindano inaficha ugonjwa, dawa ni mazoezi. Wote wanampenda, na mabishano kama hayo nimeyakuta nyumba nyingi.

Bega linazunguka kuliko kiungo kingine chochote mwilini kwa sababu kikombe chake ni kifupi mno. Fikiria kichwa cha mfupa wa mkono kama dafu lililowekwa juu ya kisahani cha kahawa. Ukingo wa gegedu, ile nyama ngumu inayonyumbulika kama ya sikioni, unakizunguka kisahani hicho na kukiongezea kina, misuli na kano zinalivuta dafu lisidondoke, na gegedu laini linafunika mifupa yote miwili ili iteleze. Gegedu hilo halina mishipa ya damu. Ndiyo maana likilika halijirudishi kama ngozi iliyokatwa, na sindano anayoisema kijana haiwezi kuliotesha upya.

Hata hivyo kijana ana hoja. Bega bovu huuma zaidi usiku, na mtu asiyelala hawezi kufanya mazoezi wala kazi. Sindano ya steroidi hupunguza uvimbe ndani ya kiungo, na nafuu yake yaweza kudumu wiki kadhaa, pengine miezi. Kwa anayelipwa kwa siku, wiki hizo ni chakula cha watoto.

Wasiwasi wangu ni ile safari ya jirani baharini. Maumivu yamenyamaza, gegedu ni lilelile, na nyavu zinavutwa kwa nguvu zilezile. Halafu sindano ya pili, ya tatu. Mwaka 2017 ulitolewa utafiti wa Marekani uliofuatilia watu 140 wenye magoti yaliyochakaa: waliochomwa steroidi kila wiki 12 kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi ya waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakupishana kwa kiasi cha maana. Goti si bega, lakini onyo nalichukua. Mwenye kisukari naye ajue kwamba sukari yaweza kupanda siku kadhaa baada ya kuchomwa.

Shemeji yuko karibu zaidi na ukweli, ila naye anarahisisha. Mazoezi hayaoteshi gegedu. Yanaimarisha misuli inayolishika dafu, na matokeo huja baada ya wiki nyingi za kurudia jambo lilelile. Tena wapo wanaosikia "pumzisha bega" wakaufunga mkono kwa kitambaa mwezi mzima, bega likakakamaa kabisa. Na mtaalamu asipouliza mgonjwa anakula kwa kazi gani, ushauri wake utabaki mlangoni pa kliniki.

Kwa mzee huyu mimi ningeanza na mazoezi, sindano moja ikihitajika ili alale na aweze kuyafanya. Vidonge vya kutuliza maumivu vya diklofenaki vya duka la dawa, vinavyomezwa mwezi baada ya mwezi, vinanitisha kuliko sindano hiyo, hasa kwa mwenye presha au vidonda vya tumbo.

Mgonjwa kijana ni habari nyingine. Aliyeanguka na bodaboda bega likachomoka, likarudishwa, likachomoka tena, huenda ukingo wa gegedu umepasuka, na kila linapochomoka gegedu linazidi kuumia. Huyo asikawizwe, amwone daktari wa mifupa, hata kama ni kusafiri hadi MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Eksirei itaonyesha mifupa na nafasi iliyopungua kati yake, gegedu lenyewe halionekani. Kipimo cha MRI ndicho hulionyesha. Lakini watu wengi wa makamo wasioumwa kabisa nao huonekana na mipasuko kwenye picha, kwa hiyo picha peke yake isimpeleke mtu kwenye kisu. Kuwekewa bega bandia ni kwa lile lililokwisha, baada ya mengine kushindwa.

Mzee hajachomwa bado. Anasubiri kupimwa sukari. Kukalafati chini ya mashua amemwachia mjukuu, na mbao anazochonga ameziweka juu ya magogo mafupi ili mikono isipite usawa wa kifua. Kwenye nguzo ya banda amefunga kipande cha tyubu ya baiskeli. Asubuhi, kabla ya kushika tezo, anakivuta kuelekea tumboni, kiwiko kimebana ubavuni, na kuhesabu kwa sauti hadi kumi na tano.