Tumeshaelewana, tumeelewana wapi?

Kamati zetu za harusi hapa Dar zina ugonjwa mmoja: kila kitu "tumeshaelewana". Na nani, lini? Hakuna ajuaye. Sendofu ya binti yetu tulilipia chakula cha watu 250. Saa tatu usiku meza za nyuma zinangoja, mpishi anachomoa kidaftari chenye madoa ya mafuta: 200. Katibu anahangaika kutafuta ujumbe wa sauti kwenye simu, mshereheshaji anachezesha watu wenye njaa. Ukumbi nao wanadai hela ya jenereta, eti haikuwemo kwenye bei. Lakini daftari la michango, jamani! Limenyooka. Mjomba bado anadaiwa 30,000, imeandikwa kwa wino mwekundu.