Picha nzima jamani, msikate miguu

Nimefurahi mmeandika kuhusu hizi fulana zenye picha ya Tommie Smith na John Carlos, wale wakimbiaji weusi wa Marekani, wameinua ngumi kupinga ubaguzi wakipewa medali Olimpiki ya Mexico 1968, ila nyingi ninazoziona picha imekatwa kiunoni, kwa nini jamani? Huko chini ndo kuna habari yenyewe, jamaa walipanda jukwaani bila viatu, soksi nyeusi tu, kuonyesha umaskini wa watu weusi Marekani, na Carlos alivaa shanga shingoni kwa ajili ya weusi waliouawa na magenge ya wabaguzi. Hata yule mzungu wa Australia aliyesimama nao jukwaani, Peter Norman, alivaa beji ileile ya haki za binadamu waliyovaa wao. Smith na Carlos walitimuliwa kwenye timu ya Marekani kwa hilo! Kwahiyo mnaochapisha wekeni picha nzima, mtoto akiuliza mbona hawana viatu aelezwe.